Mashine Yangu Ndiyo Iliyomwambukiza

Jana dada mmoja wa Tororo aliniandikia: kichwa cha mwanawe kimetoka mabaka, nywele zimekatika, na mama mkwe anataka kipakwe mafuta ya taa. Dada yangu, hayo mafuta yarudishe kwenye taa. Hayo ni mapunye, kuvu ya kichwani, ebiguuna wanavyosema Waganda, na mimi yamenitia aibu.

Nanyoa hapa Busia, na sijisifu bure, foleni yangu ya Jumamosi inajulikana. Mwaka juzi mama mmoja aliingia na mtoto, akamvua kofia mbele ya wateja. "Ona ulichomfanyia!" Nyuma ya sikio kulikuwa na duara tatu, kila moja kama sarafu ya mia tano, magamba kama pumba. Nikakana. Nikasingizia paka wao. (Paka huambukiza kweli, ila siku ile nilikuwa najitetea tu.) Wateja wengine wakaanza kunisalimia kwa mbali. Bado inaniuma.

Haikupita muda, choa, yaani kuvu hiyohiyo kwenye ngozi, kikanitoka mkononi, palepale ninapoegemeza vichwa vya watoto. Duka la dawa wakaniuzia tyubu yenye steroidi. Siku tatu muwasho kwisha, nikatamba. Wiki ya pili kimefika kwenye kiwiko. Steroidi inatuliza ngozi tu, kuvu chini inajilia raha. Kilichoniponya ni klotrimazoli, krimu ya kuua kuvu, mara mbili kwa siku, wiki nne, hata baada ya alama kufifia.

Kosa langu lilikuwa spiriti. Nilipangusa wembe wa mashine juu juu, na vipande vya nywele vimo ndani. Humo ndimo kuvu hukaa, ikisubiri kichwa kinachofuata. Vinyozi wenzangu, piga brashi kwanza nywele zote zitoke, ndipo spiriti. Vichana vya plastiki viloweke kwenye maji ya jiki. Taulo moja, mteja mmoja. Mtoto mwenye mabaka usimnyoe, hata mzazi akununie. Tamaa ya elfu mbili ndiyo iliyoniponza.

Dada wa Tororo, krimu haifiki kwenye mizizi ya nywele. Mpeleke kliniki apewe vidonge. Griseofulvini huchukua wiki 6 hadi 8, anywe na chakula chenye mafuta. Na kagua vichwa vya wadogo zake wanaolala naye mto mmoja.

Yule mtoto nilimwona sokoni juzi. Nywele zimejaa, amenyolewa kwingine. Wamemnyoa vizuri, sikatai, ila mstari wa kisogoni umepinda.