Fidla yako na taarabu, ukiwa chuoni

Mdogo wangu, umeuliza kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza pale Tudor anaweza kuingia kikundi cha muziki bila kuharibu masomo, nawe fidla yako umeipigia kwaya tu. Ingia. Tena ukiwa Mombasa, usiishie kwaya ya chuo. Tafuta kikundi cha taarabu.

Fidla inathaminiwa sana huku. Shingo yake haina vizuizi vya vidole kama vya gitaa, kwa hivyo hutoa sauti zilizo katikati ya vibonye vya kinanda, na bila hizo maqamu (ngazi za sauti za Kiarabu) kama Rast na Bayati hayakamiliki. Bayati ikianzia noti ya D, kidole chako cha kwanza kitakaa kati ya E-bemoli (E iliyoshushwa nusu sauti) na E. Mwanzoni utahisi umekosea sauti, na vidole vitakimbilia mahali vilipozoea. Karatasi ya noti haitakusaidia sana hapo. Keti karibu na mpiga udi, imba kwanza anachokipiga, ndipo ushike upinde.

Kuhusu masomo, mweleze kiongozi tarehe za mitihani mapema, kabla hujapewa nafasi ya kutegemewa. Hilo wengi huona haya kulisema, na baadaye huwaangusha wenzao. Harusi ndizo zenye malipo, lakini watu hukesha. Zikubali wakati wa likizo.

Na joto letu hili, tafadhali usiiache fidla kwenye gari juani. Gundi huachia.

Mara ya kwanza nenda mazoezini kusikiliza tu, uwasalimie wakubwa, uombe ruhusa ya kurudi na chombo chako.