Tuzo Mkononi, Fedha Bado

Wadogo zangu mawakili mlioapishwa juzi, mteja akikuletea tuzo ya usuluhishi kutoka London, yaani uamuzi wa msuluhishi kwamba alipwe, usianze na pongezi. Muulize mdaiwa ana mali wapi. Tuzo peke yake haina dalali wa mahakama. Hupata meno pale mahakama ya nchi yenye mali inapoikubali. Njia ni Mkataba wa New York wa 1958, unaozitaka nchi wanachama kuzitambua tuzo zilizotolewa nchi nyingine, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1964.

Mnaikumbuka ndege ya Air Tanzania iliyozuiwa Johannesburg Agosti 2019? Mgogoro ulianzia kwenye ardhi iliyotaifishwa huku kwetu miaka ya 1980, ila mdai aliifuata mali ilikotua. Mwezi uliofuata mahakama ikaiachilia. Kukamata nako si kulipwa.

Mara nyingi tunakwama kwenye makaratasi. Ibara ya 4 ya Mkataba wa New York inadai tuzo halisi au nakala iliyothibitishwa, na makubaliano ya usuluhishi vivyo hivyo. Yakiwa kwa lugha ngeni, na tafsiri iliyothibitishwa. Mwaka wangu wa pili nilikwenda na nakala ya kivuli ya mkataba wa biashara wenye makubaliano hayo. Wakili msomi wa upande wa pili hata deni hakulibisha, aliomba tu kuona mkataba wenyewe. Ulikuwa umefungiwa kwenye ofisi ambayo mteja alishaihama. Tuliutafuta miezi minne, na mdaiwa akapata nafasi ya kuuza malori yake.

Hoja za kupinga tuzo zimo Ibara ya 5, na ni chache. Kwamba msuluhishi alikosea hesabu haimo. Jaji hasikilizi shauri upya. Inayouma ni "hatukupewa taarifa", kwa hiyo tunzeni kila risiti ya barua iliyotumwa. Sera ya umma, yaani kwamba kuikubali tuzo kunakiuka misingi ya nchi, ndiko wanakokimbilia wote wakiishiwa. Jaji Ringera wa Kenya, katika Christ for All Nations dhidi ya Apollo Insurance, aliigawa mafungu matatu: kinachopingana na Katiba au sheria, kinachodhuru maslahi ya taifa, na kilicho kinyume cha haki na maadili. Mdaiwa akisema "si haki", mwulizeni ni fungu lipi.

Kama tuzo bado inapingwa kule ilikotolewa, jaji anaweza kuahirisha; hapo ombeni mdaiwa aweke dhamana, maana asipoombwa hataiweka.

Siku hizi ombi la zuio la mali nalipeleka siku moja na ombi la kukazia tuzo, yaani kuitekeleza. Malori yale bado napishana nayo barabara ya Morogoro, yana jina jingine ubavuni.