Wasifu wa Mama: anza na waliomjua akiwa binti

Wasifu unaosomwa siku ya mazishi huandikwa usiku mmoja, na watu waliochoka, huku simu zinaita kila upande. Ndiyo maana nyingi hufanana: alizaliwa, akasoma, akaolewa, akajaliwa watoto, akaugua, akafariki. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo. Lakini familia ina nafasi ya kuandika wasifu wa pili, ule wa kubaki, katika miezi inayofuata, na huo ndio unaostahili kazi ya kweli.

Kosa la kwanza ni kuanzia kwa watoto wa marehemu. Mama aliyefikia umri wa kuitwa bibi ameishi maisha matatu. Watoto wanamkumbuka mama aliyekagua kucha na madaftari. Wajukuu wanamkumbuka bibi aliyewatetea wasikaguliwe. Hao ni kama wanawake wawili tofauti, na wote wawili ni wa kweli. Wa tatu ni yule binti aliyekuwepo kabla hamjazaliwa, na anayejulikana na watu wachache tu: dada zake, wadogo zake, shoga yake wa utotoni, mtu aliyekaa naye dawati moja. Watu hao ni wa rika lake na kumbukumbu yao haingoji. Wafuateni kwanza, hata kabla hamjakubaliana nani ataandika.

Zungumza na kila mmoja peke yake. Mkikaa kikundi, mkubwa atasimulia na wengine wataitikia kwa kichwa, na utarudi nyumbani na simulizi moja badala ya tano. Nenda asubuhi mzee akiwa na nguvu, usizidishe saa moja, na umwombe ruhusa kabla ya kurekodi. Simu iwe kwenye hali ya ndege isije ikaita katikati, ilale juu ya kitambaa kilichokunjwa, kiasi cha sentimita 30 kutoka kinywani mwake. Zima feni na redio. Rekodi dakika moja ya majaribio na uisikilize kabla ya kuendelea. Rekodi nyingi huharibika kwa sababu ya feni ambayo hakuna aliyeisikia ikivuma.

Usiulize "alikuwa mtu wa namna gani?" Swali hilo huleta jibu moja: mpole, mkarimu, mcheshi. Uliza vitu vinavyoonekana. Akiwa na hasira, alinyamaza au alianza kufagia? Alikuita jina gani mkiwa wawili tu? Aliimba nini akifikiri hakuna anayemsikia? Pesa aliificha wapi? Kitu gani alikitaka maishani akakikosa? Kisha nyamaza. Mzee akikaa kimya kwa sekunde kumi, usimwokoe na swali jingine, maana mara nyingi ndipo jambo lenyewe linapokuja.

Ukiandika, fanya vivyo hivyo. "Alikuwa mkarimu" haimtofautishi na yeyote. "Hakuwahi kuinuka mezani kabla ya kuuliza nani hajala" inamrudisha chumbani. Kila sifa isiyo na tukio nyuma yake ifute, au utafute tukio lake.

Tarehe zinahitaji uangalifu wa pekee. Mzee ambaye kitambulisho chake kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari, huenda tarehe hiyo iliandikwa tu kwa sababu halisi haikujulikana. Linganisha na cheti cha ndoa, vyeti vya shule, umri wa mtoto wa kwanza na mpangilio wa ndugu zake: nani alimfuata, wamepishana miaka mingapi. Vyanzo visipokubaliana, andika "kati ya 1941 na 1944" na useme kwa nini. Makadirio ya kweli yana heshima kuliko tarehe kamili ya kubuni, na mjukuu atakayefuatilia baadaye hatapotezwa.

Majina ndiyo yanayovunja undugu. Andika jina alilopewa alipozaliwa, aliloitwa baada ya kuolewa, na lile ambalo majirani walimjua nalo. Orodhesha watoto wote kwa mpangilio wa kuzaliwa, pamoja na waliotangulia mbele ya haki, hata aliyeishi siku moja, mama hakumsahau. Watoto aliowalea bila kuwazaa wamo pia. Kisha wajukuu, vitukuu na vilembwe. Orodha hiyo isomwe kwa sauti mbele ya watu wawili wa matawi tofauti ya ukoo kabla haijachapwa. Jina likisahaulika, wasifu mzima utakumbukwa kwa hilo.

Ugonjwa wa mwisho upewe aya moja. Ndio ulio karibu zaidi na maumivu yenu, kwa hiyo utataka kujaza kurasa, lakini miezi mitatu ya kitandani isimeze miaka themanini. Ugomvi na ndoa zilizovunjika si lazima vielezwe, ila usiandike kinyume chake. Afadhali ukimya kuliko uongo. Kama wasifu utasomwa mbele ya watu, kadiria dakika tano kwa maneno 500.

Picha za zamani zipitie ukiwa na mzee kando yako, kwa sababu ukibaki peke yako zitakuwa nyuso tu. Nyuma ya kila picha andika kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza: nani, wapi, lini. Kalamu ya wino huacha mikwaruzo inayojitokeza upande wa mbele, na wino huweza kupenya. Skani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi) kama picha ni ndogo. 300 inatosha kama hutaikuza. Zilizogandana usizibandue kwa nguvu, maana rangi hutoka na upande mmoja. Weka nakala tatu, moja ikae nyumba nyingine kabisa.

Mwandiko wake pia ni yeye. Daftari la madeni, bahasha yenye namba za simu, orodha ya vitu vya kununua: skani pamoja na makosa yake ya tahajia.

Na simu yake, msiifute wala msimkabidhi mtu aitumie mpaka mmetoa jumbe zake za sauti. Zihifadhi nje ya simu, kila faili ikiwa na tarehe na jina la aliyetumiwa. Waulizeni wajukuu wote, kwa sababu wengi wao wana sauti yake wasiyojua kuwa wanayo: sekunde tisa za bibi akiuliza mbona hupigi simu.