Andiko limekubaliwa? Lipia na chakula cha mchana

"Shikamoo injinia. Andiko langu limepita kwenye mkutano wa uhandisi wa maeneo ya baridi. Ofisi inalipa nauli na kiingilio. Chakula cha mchana chenye mzungumzaji maalum na ile ziara ya nje vinalipiwa kando. Nikiviacha nitapungukiwa nini?"

Ujumbe huo ulinifikia Jumatatu kutoka kwa kijana wa Sakina, Arusha. Marahaba, mdogo wangu. Nilitaka kukujibu kwa mstari mmoja nikashindwa, maana umenigusa kidonda.

Sote tunaosoma hapa tunatamani siku moja kusimama mbele ya wakubwa wa fani yetu. Mimi nilisimama, Fairbanks, Alaska. Mtu wa Moshi anatafuta nini kwenye mikutano ya barafu? Fungua dirisha. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ina mita 5,895, na ukishapita mita 4,000 ardhi huganda usiku na kuyeyuka mchana kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kampuni niliyokuwa nafanyia kazi ilijenga kibanda cha mapumziko huko juu. Asubuhi moja tulikuta mawe bapa ya mlangoni yamenyanyuliwa na sindano za barafu, zimesimama wima kama meno ya kitana, urefu sentimita nne. Nikapiga picha. Picha ile ndiyo iliyonipeleka Alaska.

Habari za viza na ndege siziingii. Siku ya pili ya mkutano kulikuwa na chakula cha mchana chenye mzungumzaji, dola 45. Nikazigeuza kuwa shilingi, nikaona ni pesa nyingi kwa sahani ya samaki. Nikarudi chumbani, nikala biskuti na kupanga slaidi zangu upya. Alasiri mabasi yaliondoka kwenda kwenye handaki la Fox, lililochimbwa ndani ya ardhi iliyoganda, kaskazini kidogo ya mji. Nayo nikayaangalia kwa dirishani. Nilijiona mtu makini anayejua kilichompeleka.

Kesho yake nikawasilisha. Nilionyesha picha yangu na kueleza kwa sauti ya kujiamini kwamba maji yakiganda huongezeka ujazo kwa asilimia 9, na hiyo ndiyo iliyonyanyua mawe. Mama mmoja mwenye mvi akanyoosha mkono. Aliuliza kwa upole, na upole ule ndio uliouma. "Tuseme udongo umeganda sentimita 10, na nusu ya ujazo wake ni maji. Asilimia 9 inakupa kama milimita nne na nusu. Picha yako ina sentimita nne. Maji mengine yametoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimeza mate, nikasema jambo fulani kuhusu mvua. Watu wakatazama chini. Kisha mama yule akasema, "Mzungumzaji wa jana alilieleza vizuri sana." Ukumbi mzima ulikuwepo jana isipokuwa mimi.

Nilikuja kuambiwa baadaye. Karibu mwaka 1930 mwanajiolojia wa Marekani, Stephen Taber, aligandisha udongo uliolowekwa benzini, kimiminika cha maabara, badala ya maji. Benzini ikiganda hupungua ujazo, haiongezeki. Udongo ukainuka vilevile. Kwa hiyo kinachoinua ardhi si kutanuka kwa maji yaliyomo. Udongo wenye chembe laini huyafyonza maji kutoka chini, kama utambi unavyopandisha mafuta ya taa, kuyapeleka pale baridi ilipo. Huko barafu hujijenga tabaka juu ya tabaka na kusukuma kila kilicho juu yake. Sindano zangu zilikuwa zimenyweshwa kutoka chini usiku kucha. Jibu la picha yangu lilitolewa mezani, nami nikila biskuti ghorofa ya tatu.

Niliporudi, mkuu wangu wa kazi alilisimulia jambo hilo mbele ya wenzangu kwenye kikao. Sijui alilipataje. Miaka imepita, na nikikumbuka kile kikao bado moyo unanidunda.

Basi nikajiapiza. Safari ya pili, mji uleule, nililipia kila kitu kwa pesa yangu. Ndani ya handaki lile, lililochimbwa na jeshi la Marekani miaka ya 1960, kuna harufu nzito ya majani na nyasi za maelfu ya miaka zinazooza, na mifupa ya nyati wa kale imechomoza ukutani. Nilisogeza tochi karibu. Kwenye udongo wa kijivu barafu ilikuwa imejipanga nyuzi juu ya nyuzi, kama matabaka ya chapati ukiichana. Nilisimama pale mpaka wakaniita. Kitu nilichoshindwa kukieleza kilikuwa mbele ya pua yangu.

Kwenye basi nilikaa na mzee mstaafu aliyefanya kazi kwenye bomba la mafuta la Alaska, lile la kilomita karibu 1,300 lililokamilika 1977. Zaidi ya nusu yake limeinuliwa juu ya nguzo, kwa kuwa mafuta ya moto yangeyeyusha ardhi iliyoganda na bomba lingezama. Akanionyesha mirija iliyosimama juu ya nguzo, yenye mapezi kichwani. Ndani yake mna amonia. Ardhi ikiwa na joto kuliko hewa, amonia huchemka chini, mvuke hupanda, hupoa kwenye mapezi na kutiririka kurudi, na kila mzunguko hutoa joto ardhini. Haina mota wala umeme. Hayo yote nilifundishwa kwenye kiti cha basi, bure.

Kwa hiyo mdogo wangu, lipia. Kopa kama huna. Kaa meza ya mzungumzaji, si meza ya Watanzania wenzako. Muulize swali moja la kazi yako, umwache azungumze. Panda basi. Slaidi zako zimalize hapahapa Arusha kabla hujafika uwanja wa ndege wa KIA. Tunaelekeza nguvu zote kwenye dakika kumi na tano za kusema, na kusikiliza tunakuona anasa. Wakubwa wa fani hawapatikani kwenye slaidi zao, wanapatikana wakiwa na kijiko mkononi. Nimelisema na nitalirudia: lipia.

Na mzungumzaji maalum si lazima atoke mbali. Mwezi uliopita niliwakusanya mainjinia vijana kumi na wawili, tukapanda Kilimanjaro hadi kambi ya Horombo, mita 3,720. Sikumwalika profesa. Nilimwalika mzee wa Marangu aliyebeba mizigo mlimani zaidi ya miaka thelathini. Baada ya chakula, kikombe cha chai kikiwa mapajani, alisema, "Wanangu, hema usiliweke kwenye udongo mweusi laini. Asubuhi utaamkia kwenye tope. Tafuta kokoto." Kijana mmoja akamuuliza kwa nini. "Kokoto hazinywi maji, baba."

Alfajiri tulipanda naye kuelekea miamba ya Zebra Rocks. Kwenye kokoto hapakuwa na kitu. Hatua tatu pembeni, kwenye udongo laini, mzee aliinama akainua jiwe kwa vidole viwili, na sindano zikawa chini yake, zinang'aa. Vijana walipiga magoti kuzipima kwa rula. Jua lilipozifikia zililala moja moja, na pale pakabaki tope.

Nitumie ratiba ya mkutano wako, nikuonyeshe meza ya kukaa.