Kempa la zamani na geji ya joto: kabla hujanunua sensa, pita hapa kwanza

Wakuu mnaoanza na kempa za zamani (magari ya kusafiria na kulala humo humo), hizi za miaka ya 70 na 80 mpaka mwanzoni mwa 90, kuna jambo moja nataka mlishike kabla ya yote. Sindano ya joto ikipanda haimaanishi lazima injini inachemka, na ikitulia katikati haimaanishi injini iko salama. Sindano inasoma umeme tu. Umeme umepita kwenye sensa (kidude kinachopima joto la maji), ukapita kwenye plagi ya kuungia waya, waya, ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma) na kidude cha kutuliza volti huko nyuma ya dashbodi, na popote hapo katikati pakiharibika unasomewa uongo. Kwahiyo swali la kwanza siku zote ni hili: joto ni la kweli au ni umeme? Asiyejibu hilo swali kwanza nimeona wengi wanaishia kununua sensa, halafu themostati (mlango unaofungua njia ya maji kwenda rejeta yakipata moto), halafu wota pampu, na gari iko vilevile.

Na jibu lisitafutwe kwa kushika mpira wa rejeta kwa mkono ukasema "hapa pa moto kweli". Tafuta temometa ya infraredi, ile unayoielekeza kwenye kitu inakupa namba. Ielekeze kwenye nyumba ya themostati, karibu kabisa na pale sensa ilipofungwa. Sasa angalieni hapa maana wengi wanapotea, alumini inayong'aa inaidanganya hiyo temometa, inakusomea chini sana kuliko ukweli, kwahiyo bandika kipande cha tepu nyeusi au paka doa la rangi nyeusi isiyong'aa afu pima juu yake. Injini ya kupoozwa na maji ikishapata joto lake na iko sawa utakuta nyuzi 80 mpaka 95 za Selsiasi hivi, maana themostati nyingi za magari haya zinaanza kufunguka kwenye 80 mpaka 87. Temometa ikisema 88 na sindano imeingia nyekundu, umeshajua unahangaika na umeme. Temometa ikisema 115, zima injini, habari ya sensa iache kabisa, hapo kuna joto la kweli na kila dakika unayoiacha inanguruma unapika gasketi ya silinda hedi (ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini).

Mfuniko wa tanki ya maji usiuguse injini ikiwa ya moto. Narudia, usiuguse. Mfumo unabanwa presha makusudi, mfuniko wa presha ya kama bar 1 unafanya maji yasichemke mpaka maeneo ya nyuzi 120, sasa ukifungua presha inaondoka ghafla na maji yaliyokuwa yametulia yanachemka yote kwa mara moja, yanakurukia usoni. Subiri mpaka mpira wa juu ubonyeke kwa vidole bila kukaza.

Haya, tuje kwenye sensa zenyewe. Kitu kinachowachanganya wageni ni kudhani kuna sensa moja ya joto. Kwenye kempa nyingi za zamani zenye injekshen (mafuta yananyunyizwa kwa amri ya kompyuta, sio kabureta) ziko tatu na kila moja ina kazi yake. Kuna ya geji, mara nyingi ina waya mmoja, inapeleka habari kwenye dashbodi tu. Kuna ya kompyuta ya injini, ina pini mbili, hiyo ndo inaamua injini ipewe mafuta mengi au kidogo. Halafu kuna swichi ya feni, imefungwa kwenye rejeta, na hiyo hata sio sensa ya kupima, ni swichi inayowaka na kuzima ikifika joto fulani. Chukua mfano Volkswagen T3, lile basi dogo la injini nyuma, ya injini inayopoozwa na maji: mbili za kwanza ziko nyuma kwenye injini, maeneo ya nyumba ya themostati, zimekaa jirani jirani, swichi ya feni iko mbele kabisa ya gari kwenye rejeta. Ndo maana mtu anasema "nimebadilisha sensa ya joto lakini bado inatoa moshi mweusi", ukiangalia amebadilisha ya geji, ambayo na moshi hazijuani kabisa. Na msiamini rangi ya plastiki. Gari ya miaka 35 imepita mikononi kwa watu wengi, imefungwa vipuri vya kila aina. Fuata waya uone unaenda wapi.

Kwa sensa ya geji yenye waya mmoja kuna kipimo cha haraka sana hakihitaji hata multimita (mita ya kupimia volti na ohmu). Washa swichi ya ufunguo bila kuwasha injini, chomoa waya kwenye sensa, sindano inatakiwa ilale kwenye baridi. Sasa ugusishe huo waya kwenye chuma safi cha injini, sekunde mbili tatu tu, sindano inatakiwa ipande kuelekea moto. Ukiiona inapanda toa haraka, usiishikilie pale mpaka ikagonga mwisho. Ikifanya yote mawili basi geji na waya ni wazima, mtuhumiwa ni sensa au inavyoshika ethi pale ilipofungwa. Isipofanya, hata ufunge sensa mpya kabisa hutapata kitu, tatizo liko kwenye waya, ethi ya injini au nyuma ya dashbodi. Kipimo hiki ni cha sensa ya geji peke yake, kwenye ya kompyuta usianze kugusisha nyaya hovyo.

Ethi ndo ugonjwa mkuu wa haya magari, na hapa naomba mnielewe vizuri. Sensa ya waya mmoja inapata ethi yake kupitia meno yake ya skrubu ya kufungia, yaani mwili wake wenyewe ndo waya wa pili. Fundi akiizungushia tepu nyeupe ya mabomba kwa wingi ili isivuje, anaweza kuikata ethi, sindano inabaki chini hata injini ikichemka, na hiyo ni hatari kuliko geji inayopiga kelele bure. Kama sensa ina washa yake ya kuzuia kuvuja tumia hiyo tu. Halafu injini yenyewe imekaa juu ya raba, umeme wake unarudi kwenye bodi kupitia mkanda wa waya uliosukwa, ambao baada ya miaka mingi ya tope na chumvi unaliwa na kutu kwa ndani. Kwenye T3 safari ni ndefu zaidi, betri iko chini ya kiti cha mbele na injini iko nyuma kabisa. Kuupima, weka multimita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, washa injini, washa na taa kubwa na feni ya hita. Ukiona zaidi ya 0.1 ya volti kuna ethi mbovu, fungua, piga brashi ya waya mpaka chuma king'ae, funga kwa nguvu. Dalili ya bure kabisa: ukiwasha taa na sindano ya joto ikacheza hapo hapo, hilo sio joto, joto la maji halibadiliki kwa sekunde moja.

Na kidude cha kutuliza volti. Magari mengi ya enzi zile, ya Ujerumani na Uingereza kwa mfano, geji za joto na mafuta zinakula volti 10 zilizotulizwa na kidude kimoja. Kikifa, geji zote mbili zinadanganya pamoja. Kwahiyo ukiona joto limepanda na tanki la mafuta nalo "limejaa" kuliko ulivyolijaza, achana na injini, nenda nyuma ya dashbodi.

Sasa sensa ya kompyuta, hii ndo ninayoipenda zaidi maana ndo inayosumbua watu kimya kimya. Geji inaweza kusoma vizuri kabisa huku gari inakunywa mafuta, plagi za cheche nyeusi, harufu ya petroli, ikiwa ya moto inagoma kuwaka au inamisi. Ni sensa ambayo ukinzani wake (jinsi inavyozuia umeme, unapimwa kwa ohmu) unashuka joto likipanda. Zile za Bosch zinazotumika kwenye magari mengi ya wakati huo, kwenye nyuzi 20 zinasoma kama ohmu 2,500, kwenye 60 kama 600, na kwenye 80 kama 320. Kwa kompyuta za zamani, ukichomoa plagi inadhani injini imeganda kwa baridi, inamwaga mafuta. Ndugu yake wa upande wa pili, sensa ikishoti, kompyuta inadhani injini ni ya moto na asubuhi utapiga starta mpaka betri ichoke.

Kuipima, iweke kwenye sufuria ya maji baridi, ncha ya chini tu ndo iingie, plagi ibaki kavu, weka na temometa humo, isiguse chini. Unganisha multimita kwenye ohmu, pasha taratibu na andika namba kila nyuzi 10. Cha kuangalia zaidi ya namba yenyewe ni ule mshuko, uwe laini bila kuruka. Sensa inayosoma vizuri kwenye 20 na vizuri kwenye 80 lakini kwenye 50 inaruka mpaka ohmu nyingi ghafla ni mbovu, na hiyo ndo inayofanya gari isumbue dakika chache kila ikipata joto halafu itulie yenyewe, watu wanatafuta kosa kwenye pampu ya mafuta wiki nzima.

Halafu usipime kwenye sensa peke yake. Ukishaona ni nzima, irudishe, nenda kwenye plagi ya kompyuta, betri ukiwa umeitoa waya, upime kutoka kule kupitia waya wote. Namba zinatakiwa zilingane. Mfano injini iko 80, kwenye sensa unapata 320, kule kwenye kompyuta unapata 600. Hizo ohmu 280 zilizoongezeka ni kutu kwenye plagi au waya uliokatika nusu ndani ya ganda, na kompyuta inazisoma kama injini iko nyuzi 60, inaendelea kuongeza mafuta kama gari ya asubuhi. Sensa nzima, gari mgonjwa. Tikisa waya huku unapima, hasa pale unapopinda karibu na plagi, namba ikicheza umempata.

Kempa zina shida yao ya ziada ambayo gari ya kawaida haina: kila mwenye gari aliyepita aliongeza kitu. Friji, taa za ndani, betri ya pili, pampu ya sinki, na wengi wanavuta waya kutoka popote wanapouona na ethi wanabana kwenye bolti la kwanza walilolikuta. Nimeshaona waya wa friji umebanwa bolti moja na ethi ya kompyuta ya injini. Friji ikiwaka, injini inabadilika sauti. Kabla hujalaumu sensa, zima kila kitu cha kuishi humo ndani, chomoa fyuzi za betri ya pili, endesha, ona kama tatizo limeondoka nalo.

Feni ni rahisi. Chomoa plagi ya swichi kwenye rejeta, unganisha pini zake kwa kipande cha waya mnene, feni izunguke. Ikizunguka basi swichi ndo mbovu, au maji ya moto hayafiki kwenye rejeta. Isipozunguka angalia fyuzi, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), na mota. Mikono na mavazi yakae mbali, hizi feni zinaweza kuanza hata injini ikiwa imezimwa.

Hewa ndani ya mfumo inaleta vituko pia. Sensa inayoning'inia kwenye mfuko wa hewa haigusi maji, kwahiyo sindano inakaa chini, inaruka juu, inashuka, bila mpangilio. Gari ya injini nyuma na rejeta mbele ina mabomba marefu chini ya sakafu na hewa inapenda kukaa kule. Kwenye T3 unainua mbele, unafungua skrubu ya kutolea hewa iliyo juu ya rejeta, injini inanguruma kwa mizunguko 2,000 hivi kwa dakika, hita imefunguliwa, unaongeza maji mpaka yatoke bila mapovu. Mapovu yasipoisha kabisa hata ukirudia, anza kuiwazia gasketi ya silinda hedi.

Ile taa nyekundu inayopepesa kwenye geji ya T3 nayo inatisha watu. Ikipepesa kidogo unapowasha halafu ikazima ni kawaida. Ikiendelea kupepesa huku sindano iko katikati, mara nyingi inalalamikia kiwango cha maji kwenye tanki, sio joto. Angalia maji, safisha zile ncha mbili za sensa ya kiwango, kisha plagi yake.

Wenye injini zinazopoozwa na hewa, hamna maji wala geji ya maji, lakini zile zenye injekshen zina sensa iliyofungwa kwenye silinda hedi na inafanya kazi ileile ya kumwambia kompyuta. Kipimo cha ohmu ni hichohicho, na ethi ni ileile.

Ukishampata mbaya wako na unafunga sensa mpya, funga injini ikiwa baridi, tumia washa ya kuziba iliyo mpya, usikaze kwa hasira maana nyumba ya themostati nyingine ni plastiki au alumini laini. Jaza maji, toa hewa, endesha mpaka feni iwake na izime yenyewe, halafu acha ipoe kabisa na uangalie tena kiwango kesho yake asubuhi, kitakuwa kimeshuka kidogo. Na andika kwenye karatasi uibandike ndani ya mlango: sindano inakaa wapi kwenye barabara tambarare, inafika wapi kwenye mlima mrefu na mzigo, na temometa ilisema ngapi wakati huo.