Redio ya gari na spika ya Bluetooth: msikubali kuuziwa redio mpya

Kuna kijana wa Watamu kanitumia meseji juzi, ati "kaka, redio ya gari yangu ina Bluetooth, spika nayo ina Bluetooth, nimetafuta mpaka nimechoka hazionani, shida nini?" Nikacheka, halafu nikakasirika upya, maana swali hilo hilo ndilo lililonitoa pesa mchana kweupe na fundi aliyenitoa mpaka leo namuona Lamu Road akipita amenawiri.

Jibu lenyewe ni fupi. Redio nyingi za gari, Bluetooth yake ni ya kupokea tu, simu inatuma na redio inapokea. Spika nayo imeumbwa kupokea. Ni sawa na wageni wawili kwenye sinia moja, kila mtu anangoja mwenzake apakue, watakaa hapo mpaka wali upoe. Kinachotakikana ni mpakuaji, yaani transmita ya Bluetooth, kidude cha kutuma sauti, basi.

Sasa mimi hili sikuambiwa. Mzee wangu jioni anapenda kukaa barazani asikilize habari na mpira, na Probox yangu naegesha pale pale nje, nikaona badala ya kufungua milango sauti itapakae mtaa mzima, nimuwekee spika ndogo pale karibu na mkeka wake, bila waya kukatiza njia ya watu. Fundi akaichungulia redio, hata bisibisi hakushika, akasema "hii Bluetooth yake imekufa, chukua hii ya kioo." Nikachukua. Ile ya kioo ikifika kwenye kutafuta inaona simu tu, spika wapi! Nikarudi, akaniambia basi spika ndiyo mbovu, ana nyingine nzuri pale dukani. Hapo nikaamka. Nikatoka bila kumjibu, nikaanza kusoma mwenyewe, na leo wanaokuja kuniuliza ni pamoja na vijana wake, alhamdulillahi.

Kwanza kabisa angalia nyuma ya redio. Kuna matundu ya duara, jekundu na jeupe, yameandikwa OUT? Ukiyaona umeshapona: unanunua waya wenye plagi nyekundu na nyeupe upande mmoja na pini ya 3.5 mm upande mwingine, unachomeka kwenye transmita, transmita unaipa moto wa USB wa volti 5, kwisha. Ile AUX ya mbele ambayo kila mtu anaikimbilia ni ya kuingiza sauti, haitoi kitu, ukichomeka transmita hapo utasikiliza kimya. Ndiyo maana nasema angalia nyuma.

Kama nyuma hakuna matundu, sauti inatolewa kwenye nyaya za spika kwa kupitia konvata ya kushusha nguvu, transmita usiichomeke moja kwa moja. Na hapa kuwa makini: kwenye redio nyingi za kununua dukani njano ni moto wa betri, nyekundu moto wa ufunguo, nyeusi ni athi, yaani hasi inayokwenda kwenye bodi ya gari. Nyeupe, kijivu, kijani na zambarau ni za spika, na zile zenye mstari mweusi ni hasi zake. Hizo hasi za spika usiziunge na bodi ya gari hata ukiambiwa na nani, chipu ya redio itaungua. Na kabla hujagusa chochote toa kichwa hasi cha betri.

Kuunganisha: zima Bluetooth ya simu yako kwanza! Spika ina tabia ya kukimbilia simu inayoijua, transmita inabaki inameta taa peke yake. Ziweke karibu, zote kwenye hali ya kutafuta, subiri kidogo. Zikishashikana unaweza kusogea kama mita 10 uwanja ukiwa wazi, lakini nyumba zetu za mawe kuta nene, ukipitisha ndani sauti inakatika.

Halafu mwangwi. Bluetooth inachelewesha sauti kidogo, kwa hiyo spika za gari zikiwa zinaimba pia, mtangazaji anataja goli mara mbili. Yangu ina spika za mbele tu, nikachomeka kwenye OUT ya spika za nyuma, nikapeleka feda (ile ya kugawa sauti mbele na nyuma) yote nyuma, za mbele zikanyamaza. Ukisikia mluzi unaopanda na injini, ipe transmita moto wa pawabenki badala ya chaja ya gari, mluzi unakwisha.

Ila vijana, tuache uvivu jamani. Mnatoa pesa ya redio nzima kwa sababu mtu kasema neno moja kwa sauti nzito, na kitu chenyewe kimeandikwa nyuma ya redio. Muulizeni fundi "inatuma au inapokea?", akibabaika ondokeni.

Na wewe wa Watamu, umesema redio ni ile iliyokuja na gari kutoka Japani. Nyingi za zamani FM yake ni 76 mpaka 90 tu na stesheni zetu zinafika 108, hata sauti ikifika kwenye spika utakuwa na stesheni chache, utahitaji kile kidude cha kushusha masafa kinachokaa kwenye waya wa antena. Itoe hiyo redio kwanza, piga picha ya mgongo wake, nitumie kabla hujanunua kitu.