Tyubu mbili, mshipi na sahibu

SWALI: Assalaam alaykum babu. Mimi na sahibu yangu tumepata tyubu mbili za lori. Tunataka kukaa ndani yake tuvue mshipi asubuhi hapa Ghuba ya Chwaka. Mama hataki kusikia. Tufanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Mama ana haki. Tyubu haina tanga wala pondo; maji yakianza kutoka yanakuchukua nayo. Wakati wa bamvu, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari yetu hupanda na kushuka kama mita 4, basi msithubutu. Ngojeni maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana, siku ya 8 au 22 hivi tangu mwezi kuandama, muingie yakijaa, mtoke kabla hayajageuka. Tyubu zifungeni pamoja kwa kamba, na jiwe la nanga. Jaketi la kuokolea lazima, hata kama mnajua kuogelea.

Vali ifungeni kitambaa, inachana ngozi. Ndoana zichomekeni kwenye ndara kuukuu, zisiguse mpira.

Mkimpata tasi, taratibu! Miba yake ina sumu. Mkamateni kwa kitambaa kinene, mkianzia kichwani kurudi nyuma, miba ilale. Akichoma, tia mkono kwenye maji ya moto ya kuvumilika, maumivu hupungua.

Mengine ni raha, nami naipenda mno: uzi juu ya kidole cha shahada, changu anadonoa chambo cha ngisi, na mwenzako yuko karibu mnazungumza bila haraka. Samaki wasipokula, msisogee kina kirefu kuwafuata. Na mama aambiwe saa ya kurudi.